Albamu ya Sponji na Dada Yake

Mtaani walimwita Sponji, kwa sababu alishona makochi, na ndevu zake hazikukosa chembe za godoro. Wachache walijua kwamba ujanani yeye na dada yake mkubwa walirekodi albamu. Dada alitunga na kuimba, Sponji akapiga gitaa. Zilikuwa nyimbo za kienyeji zilizochanganywa na roki, gitaa likivuma kama linatoka kisimani, na mkanda wa filimbi ukichezwa kinyumenyume. Maneno yalikuwa kama ya mtu aliye ndotoni. Redio iliicheza mara moja tu. Mtangazaji akaomba radhi, akidhani mashine imeharibika. Watu walicheka wakashika mbavu. Dada akaenda zake kufundisha shule ya msingi, na hakuimba tena, hata bafuni.

Miaka arobaini baadaye dada alipatwa na kiharusi. Kilimwachia mkono mmoja na neno moja: "basi." Njaa ni basi, kiu ni basi, hasira ni basi. Sponji akamchukua akae kwake.

Haikupita miezi mitatu, mpwa wake, msusi, akaingia karakanani mbio na simu mkononi.

"Mjomba, hii si sauti ya mama? Mtu kaiweka ile albamu mtandaoni, watu wanaisikiliza kila kona! Wanasema hawajawahi kusikia kitu kama hiki."

Mwandishi wa gazeti akafuata. Nyimbo zote alikuwa nazo kichwani.

"Mzee, ule wa saba, mwanamke anaongea na ngazi. Maana yake nini?"

"Mimi nilipiga gitaa tu. Maneno ni ya huyu." Sponji akamgeukia dada aliyeketi kitini kando yake. "Dada, mwambie. Ngazi ilikuwa nini?"

Uso wa dada uling'aa. Alijua, kila aliyekuwepo aliona kwamba anajua.

"Basi," akasema. Akajaribu tena polepole, kidole kikichora hewani. "Basi... basi, basi." Akapiga mkono wa kiti, machozi yakamtoka. Sponji alimpa kalamu, ikatoa mistari iliyopinda. Akamwimbia ubeti wa kwanza, labda ulimi utafunguka. Wapi.

Gazeti likaandika kwamba ndugu hao wameamua kutunza siri yao. Wasomaji wakazidi kuipenda albamu. Sponji alipopiga simu kusahihisha, mwandishi alijibu, "Lakini mzee, imekaa vizuri hivyo."

Siku hizi, kila alasiri, dada huonyesha simu kwa kidole mpaka awekewe. Ukifika wimbo wa saba humshika Sponji mkono, akamkazia macho, akisubiri. Naye hukaa hapo, mkasi mapajani, akikisia: nyumba ya zamani? Marehemu baba? Yule mchumba wako wa ujanani? Dada hutikisa kichwa, hutikisa tena, mpaka achoke ageukie dirishani.