Wimbo Wangu Namba Moja Mwaka Huu Umevunja Posa ya Rafiki Yangu

Mimi ni mkosaji. Nasema mapema ili kama ni kunichukia unichukie sasa hivi, tusipotezeane muda.

Jina langu usiniulize. Jua tu kwamba ni msusi, nina saluni yangu ndogo hapa Kashai, Bukoba, na mdomo wangu hauna breki. Wateja wananipendea hapo hapo. Wanakuja kusukwa, wanaondoka na umbea na nyimbo mpya.

Maana mimi na nyimbo, waitu! Mwaka huu ndiyo usiseme. Kuna ule wa gitaa, wa yule dada mwenye sauti kama ana mafua. Nimeupiga mpaka mteja mmoja akasema, "Dada, badilisha, au nainuka na nusu kichwa." Kuna ule wa vijana wawili wanaogombea msichana sokoni, huo ukipigwa vidole vyangu vinasuka vyenyewe. Halafu kuna ule wa taratibu, wa mwanaume anayeomba apewe nafasi ya kwenda kwa wazazi. Huo ndio namba moja wangu. Na huo ndio ulioniponza.

Nyimbo zote hizo nilitumiwa na mtu mmoja. Nitamwita Deo, si jina lake. Ni fundi simu wa Muleba mjini, mcheshi, na majivuno yetu ya Kihaya anayo yote. "Mimi nshomile wa nyimbo, msomi kabisa," alikuwa ananiambia. "Ukiusikia redioni, jua mimi nilishauchoka." Wimbo ukitoka tu, simu yangu inalia. Anaandika maneno mawili: Sikiliza huu.

Mimi nami, mjinga, kila wimbo nikauhesabu kuwa ni neno la mapenzi. Hajawahi kunitamkia chochote! Nasema ukweli mbele ya Mungu, hajawahi. Nilijiposa mwenyewe kichwani mwangu, nikajijibu ndiyo.

Tena ni mimi mwenyewe niliyempeleka Kagoma, kijijini kwetu. Krismasi iliyopita alinisaidia kumpelekea mama mizigo, na huko akakutana na Koku. Koku ni rafiki yangu tangu utotoni. Kibanja chao na chetu vimepakana, migomba yao inaangukia kwetu na yetu kwao. Tumeimba kwaya moja, tumekula sahani moja. Sina dada wa kuzaliwa naye, dada yangu ni yeye.

Pasaka nikaenda nyumbani. Tumekaa jikoni kwao tunamenya ndizi, Koku anaimba chini chini. Nikatega sikio. Ni ule wimbo wa taratibu! Mimi nilikuwa nimeupata asubuhi ile ile.

"Huo umeutoa wapi?" nikamuuliza.

"Deo alinitumia wiki iliyopita," akasema, akainamisha uso kwenye sufuria akicheka.

Mawe! Kumbe mimi nilikuwa nakula makombo. Wimbo unakwenda Kagoma kwanza, ukishasikilizwa huko ndio unatumwa Kashai.

Akanieleza yote. Wamekubaliana. Tatizo ni baba yake. Mzee yule ni mzee wa usharika, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na Deo ni Mkatoliki. Lakini shangazi yake Koku alikuwa amembembeleza kaka yake taratibu, kidogo kidogo, bila kutaja jina, mpaka siku hizo mzee akauliza, "Huyo kijana ni wa ukoo gani?" Kwetu mzee akishauliza ukoo, ujue mlango umeachwa wazi kidogo. Mshenga alikuwa anakuja Jumapili inayofuata na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi.

"Ila baba lazima asikie kwa mshenga kwanza," Koku akaniambia. "Akisikia kwa mtu mwingine, tumekwisha."

Aliniambia mimi. Kwa mdomo wake. Nikamkumbatia, nikapiga vigelegele vya uongo, nikarudi Bukoba na moyo umejaa nyongo.

Wiki ile kipindi cha salamu redioni kilikuwa kinawaomba wasikilizaji watume nyimbo zao bora tangu mwaka huu uanze, na wataje wanaowatumia salamu. Kipindi hicho kinatangulia matangazo ya vifo. Sasa hapa nisikilize vizuri. Huku kwetu hakuna mzee anayekosa matangazo ya vifo, anaogopa msiba umpite asiende kuzika. Redio ya baba yake Koku imetundikwa kwenye msumari pale uani anapoanikia kahawa. Anaiwasha mapema ili asipitwe, na anaiwasha kwa sauti kubwa. Nimekulia jirani na redio ile. Naijua kama sauti ya mama.

Nikatuma ujumbe wa sauti. Nikataja wa gitaa, nikataja wa sokoni, nikachekesha chekesha. Halafu nikasema: "Na namba moja wangu mwaka huu, huu wa taratibu, uende Kagoma kwa Koku, binti wa mzee wa usharika, na kwa mchumba wake Deo, fundi simu wa Muleba. Wapendanao wa siri hao! Harusi lini jamani?"

Ulipopigwa, saluni nzima walishangilia. Mimi nikaendelea kusuka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama. Mzee alikuwa anageuza kahawa na majirani wawili. Mmoja akacheka, akasema, "Kumbe tunakula harusi na hutuambii!" Mzee akaweka reki chini, akaenda kwenye msumari, akazima redio. Mama anasema tangu aolewe pale hajawahi kumwona yule mzee akizima redio kabla ya vifo.

Jumapili mshenga alifika, hajui hili wala lile. Mzee alimkuta mwanzoni mwa kibanja, hata uani hakumfikisha. "Rudi na kibuyu chako," akamwambia. "Binti yangu ameshaposwa redioni, mkamalizie huko huko redioni." Rubisi ikarudi imejaa! Wanaojua desturi zetu wanajua hilo ni jambo la kusimuliwa miaka. Shangazi mtu mzima alilia barabarani watu wanamtazama.

Koku akanipigia simu jioni. Nilijua atanitukana. Nilijiandaa kabisa. Unajua alisemaje?

"Usilie, ndugu yangu. Hukujua. Nimemwambia baba kwamba wewe ulifurahi tu, mdomo ukakuponza."

Nikasema, "Sikujua, Koku."

Jamani! Salamu za redioni nilizituma kwa hasira, hizo labda shetani nitamsingizia. Lakini lile "sikujua" nililisema taratibu, na akili zangu timamu.

Nilipata nini? Deo aliniandikia mara moja tu: Asante kwa salamu. Tangu hapo simu haijalia. Sasa hivi amehamishia meza yake Hamugembe, hapa hapa Bukoba, na akipita na bodaboda mbele ya saluni yangu anatazama upande wa pili. Nyimbo mpya zinatoka, mimi nazisikia kwa wateja kama mshamba. Ule namba moja ukipigwa nasingizia chaja, nachomoa spika. Mama naye, nikienda Kagoma ananitazama hivi, kisha anaendelea na kazi zake. Nafikiri anajua.

Mzee ameshampata mkwe, mgane mmoja Mlutheri, mtu mwema tu. Koku amekubali. Anasema amechoka kulia.

Wiki iliyopita alikuja Kashai, akakaa kwenye kiti changu tupange mtindo wa sendofu. Nimesimama nyuma yake na kitana mkononi, akasema, "Na nyimbo nipangie wewe. Hakuna anayejua nyimbo kukuzidi. Weka zote unazozipenda mwaka huu." Kisha akaongeza, "Ila ule mmoja usiweke."

Nikasema sawa. Kioo changu kimepasuka upande, namshukuru Mungu hakuniona uso.

Wewe unayesoma na una rafiki anayekueleza siri zake huku mnamenya ndizi, jichunguze. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na kila mtu anaogopa kung'atwa. Mimi sikuwahi kufikiri kwamba mdudu mwenyewe ni mimi. Kama umemwonea rafiki wivu, ondoka, kaa mbali, kata simu, lia peke yako mpaka uishe. Usimpongeze mbele za watu kwa kitu kinachokuchoma, maana pongezi hiyo ina sumu na wewe unajua.

Nimebadilisha majina, lakini Koku, ukisoma hapa utajijua. Pete bado hujavaa. Shangazi yako yupo, na mzee hasira zake ni za kuaibishwa redioni, si za Deo. Mwambie ni mimi niliyekosa. Ukitaka nije Kagoma nipige magoti pale uani kwenye kahawa, nitakuja.

Nilijua redio ya baba yako imewashwa saa ile. Nilijua, Koku.