Kifuniko cha Milimita Tano

Milimita tatu au tano? Swali hilo lilininyima usingizi siku tatu, na ukiniambia watu hukosa usingizi kwa mambo ya maana zaidi, nitakubali. Lakini wao hawaishi chumba kimoja na buibui mwenye upana wa kiganja.

Buibui huyo nilimpata siku jirani alipokuwa akiezua makuti ya zamani ili aweke mabati. Mafundi walimwona akishuka ukutani, rangi ya kutu, manyoya mwili mzima, na mmoja akavua ndala ampige. Nikamfunika kwa kopo. Nina shahada ya elimu ya wanyama na sina kazi, na nadhani siku ile nilitaka ionekane kwamba shahada ina faida fulani. Mama alikubali akae nyumbani kwa sharti moja.

"Akitoka humo mara moja tu, namwagia maji ya moto. Usije ukanililia."

Alimaanisha. Mama yangu hatishi watu bure.

Basi nikatengeneza sanduku kwa akriliki, ile plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo, na kifuniko nikakikata kwenye bango kuukuu la duka la dawa, unene wa milimita tatu. Wiki ya kwanza kililala sawasawa. Wiki ya pili pembe zake nne zilikuwa zimeinuka kama chapati iliyoachwa juani, na kidole changu kidogo kilipita pale penye mwanya. Kidole kikipita, buibui anapita. Nikaweka juu yake vitabu vyangu vitatu vizito vya chuo, nikaanza kusoma mtandaoni.

Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Mmoja aliandika kwamba akriliki hunywa unyevu: upande wa ndani ukilowa hutanuka, wa nje hubaki ulivyo, na kipande kikajikunja. Dawa yake ni unene. Mwingine akasema unene si hoja, chagua akriliki iliyomiminwa kwenye kalibu, usichukue iliyosukumwa na mashine. Wa tatu akasema achana na akriliki, tumia kioo. Wa nne akasema kioo hakitoboleki nyumbani. Wavu wa chuma je? Kucha zake zitanasa, atavunjika mguu. Wote walikubaliana jambo moja tu: matundu yawe machache ili unyevu usitoke, nawe unyunyize maji mara kwa mara. Nikawa nanyunyiza asubuhi na jioni.

Nilikwenda Bombolulu kwa fundi wa mabango, mzee anayefanya kazi ameketi kwenye kiti cha magurudumu, na meza yake ameikata miguu ili imfikie.

"Shikamoo, mzee. Hii imemiminwa au imesukumwa?"

"Marahaba. Hiyo imeegemezwa ukutani." Akacheka peke yake, kisha akakitoboa kipande kwa drili na kunionyesha. Kilitoa unga mkavu. Akatoboa kingine, kikatoa nyuzi laini zilizong'ang'ania ncha ya drili. "Huu unga ndio uutakao wewe. Hizi nyuzi ni za mashine, ukitoboa sana hupasuka. Wataka unene gani?"

Nikamwambia bado nafikiri.

"Fikiri, mwanangu. Ila nafunga saa kumi na moja."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Tano ingekuwa nzito, nayo ingejikunja pia, polepole tu, siku ambayo sitazami. Na kama uzito ungekipinda kifuniko katikati, je, buibui asingepata mwanya nisiouona? Nilichora michoro sita, nikafuta mitano, kisha nikaichora tena.

Kesho yake mama aliniita kutoka mlangoni mwa chumba changu.

"Abee, mama."

"Njoo umtazame mgeni wako. Ana nini?"

Buibui alikuwa amepanda hadi juu kabisa, amejibana kwenye pembe, miguu yote imeushika ukuta, mbali na udongo. Kuta zilikuwa zikitiririka maji. Vitabu vyangu vilikuwa vimeyafunika hata yale matundu machache niliyoyatoboa.

"Anataka kutoka," nikasema.

"Anataka pumzi. Wallahi, huko kusoma kwako. Wali wangu naufunika kwa kawa la ukili, lipitishe hewa, ili usichache, na huyo ana roho umemfungia kama maandazi ya safari." Akaingia jikoni, kisha akasema kutoka huko huko, "Na sharti langu lipo palepale."

Niliketi kitandani nikazisoma upya zile kurasa zote, safari hii nikiangalia waandishi wanaishi wapi. Mmoja alilalamika kuhusu theluji. Mwingine alikuwa na taa ya kumpasha buibui joto. Mimi nilikuwa Kisauni, ambako chumvi hushikana kikoponi yenyewe, nanyunyiza maji mara mbili kwa siku kwa ushauri wa watu wenye hita zinazokausha hewa. Nilikuwa nikihangaika na unene siku zote zile, na maji nilikuwa nikiyatia mwenyewe.

Nikaondoa vitabu. Nikafuta kuta kwa kanga ya zamani, nikaketi kando ya sanduku nikilinda ule mwanya kwa kiganja, mpaka mama alipokubali kunishikia zamu, kandambili mkononi.

Fundi alikuwa akikunja turubai nilipofika.

"Milimita tano," nikasema. "Ya kumiminwa. Uikate vipande viwili vya upana mdogo badala ya kimoja kipana, ili visipate nafasi ya kujikunja. Matundu mengi, juu na ubavuni, yasizidi njiti ya kiberiti. Na komeo mbili."

"Mengi kiasi gani?"

Nikafungua mdomo kumwambia kwamba hilo nalo inabidi nilifikirie. Saa yake ukutani ilikuwa imebakisha dakika chache kufika kumi na moja.

"Kama kawa la kufunikia wali," nikasema. "Toboa."

Akawasha drili, na unga mweupe ukaanza kuanguka mezani.