Picha nne katikati, na Mama hayumo

Leo Mama ameniuliza swali moja nikakosa pa kuficha uso.

Nilikuwa nyumbani Marani, natengeneza ukurasa wa wavuti wa kumkumbuka marehemu Baba. Nilipanga picha nne za utoto wetu kwa mstari mmoja.

Zikakataa kukaa katikati! Ziling'ang'ania kushoto asubuhi nzima.

Kumbe niliandika "text-align: center", ile amri ya kuweka vitu katikati, kwenye kila picha, badala ya kwenye kisanduku kinachozibeba zote.

(Na hii ndiyo kazi inayonilisha, jamani.)

Nikarekebisha. Zikasogea, zikatulia.

Nikamwita Mama kwa furaha. Akaziangalia moja moja: Baba na baiskeli yake, sisi kwenye shamba la majani chai, Krismasi, sare mpya za shule.

"Na mimi niko wapi?"

Nikatafuta. Hayumo hata kwenye moja.

"Mama, pole sana..."

Akacheka. "Unafikiri nani alikuwa anashika kamera? Mimi ndiye nilikuwa nawaambia mcheke."

Nimempiga picha hapo hapo, leso kiunoni. Sasa ziko tano, yeye katikati.

Kwenu ni nani hayumo kwenye picha?