Pale Aliposimama Kajuju

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilianza kwa ukungu. Huku kwetu juu ya Kibirichia ukungu huja bila hodi, ukayalalia mashamba ya viazi mpaka saa nne, na mtu akiongea unamsikia kabla hujamwona. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa na sweta moja, kalamu mbili, na mwandiko uliosifiwa na kijiji kizima. Nilijivunia mwandiko ule kama mtu mwenye ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, na leo nikikumbuka naona haya.

Zamani hizo, kabla ya katiba hii mliyoikuta ninyi, mambo yetu yaliamuliwa barazani. Chifu alisema, sisi tukapiga makofi matatu, tukarudi kupalilia. Mimi nilikuwa karani wa baraza. Nilipewa buku jeusi la jalada gumu, na ndani yake kumbukumbu za kila mkutano zilimalizika kwa maneno yale yale: imekubaliwa kwa kauli moja. Niliyakuta humo, yameandikwa na aliyenitangulia, wala sikuwahi kujiuliza kama yalikuwa kweli. Yalipendeza tu mwishoni mwa ukurasa.

Siku hiyo tulikutana kwenye uwanja wa josho la ng'ombe. Jambo lilikuwa moja, chemichemi yetu. Tajiri mmoja, ambaye jina lake nimeliacha lipumzike naye, alitaka apewe ile ardhi ya umma iliyoizunguka chemichemi, aweke ua, apande maua ya kuuza ng'ambo. Alituahidi barabara. Hapo ndipo kijiji kilipoteka maji tangu enzi za babu zetu, hapo ng'ombe walipokunywa, na hapo, nikuibie siri, ndipo nilipomwona mke wangu, mama yako mkubwa, kwa mara ya kwanza akiosha mtungi.

"Anayekubali ainue mkono!" chifu akasema.

Mikono ikainuka ndani ya ukungu. Wengi waliinua kwa sababu jirani ameinua, na jirani aliinua kwa sababu chifu anatazama. Usituhukumu haraka. Tulikuwa watu wa kuogopa, na woga ukikaa sana nyumbani huanza kuitwa adabu.

"Anayekataa?"

Nyuma kabisa, mtu mmoja akasimama. Alikuwa Kajuju, mjane mzee aliyelima robo ekari karibu na chemichemi, miguuni amevaa gambuti za marehemu mumewe.

"Mimi nimekataa," akasema. "Hii maji ni ya wote. Hata ya watoto wenye hawajazaliwa, na hao hakuna mtu amewauliza."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuangalia chini. Chifu akapunga fimbo yake. "Mama, wengi wape. Kaa chini. Karani, andika, tumemaliza."

Nami nikaandika: imekubaliwa kwa kauli moja. Herufi zilikaa vizuri sana.

Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba ukungu ulinizuia kumwona. Uongo. Nilimwona mpaka kitambaa chake cha kichwa. Lakini chifu alikuwa ameniahidi barua ya kunipeleka kazini mjini Embu, na tayari nilikuwa nikijiona natembea huko kwa viatu vya ngozi. Sikutaka kuharibu ndoto ile kwa ajili ya mkono wa bibi mmoja.

Baada ya siku tatu Kajuju akaja kwetu. Hakuja mikono mitupu, maana kwetu mtu haendi nyumba ya watu mikono mitupu hata akienda kugombana. Alileta kiondo cha viazi. Akanywa chai yake yote, polepole, akafuta midomo, ndipo akaniambia:

"Murithi, nimesikia wewe ndiye uliandika. Mimi sijui kusoma. Nisomee pale niliposimama."

Nikafungua buku. Nikageuza kurasa nikijifanya natafuta, ingawa ukurasa ulikuwa pale pale. Mwishowe nikasoma ile sentensi yangu nzuri.

"Kauli moja," akarudia. "Hiyo kauli ni ya nani?"

"Ya watu wote, nyanya."

"Na mimi?"

Mama yangu akatoka kwenda kuangalia moto ambao haukuwa na shida yoyote.

"Sikiza, kijana," Kajuju akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Kushindwa nimekubali. Niliona mikono yao, nikajua nimeshindwa. Lakini wewe hukuandika nimeshindwa. Umeandika sikuwako. Mtu ameshindwa anaweza kurudi kesho aseme tena. Mtu hakuwako, atarudi aseme nini?"

Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Mstari mmoja tu ungetosha: Kajuju alikataa. Sikuuandika. Aliinuka, akaniachia viazi vyake, na nilivila, mwanangu. Nilivila vyote.

Barua ikaja. Nikaenda Embu, nikafanya kazi ya ofisi mpaka nikastaafu, na viatu vya ngozi nilivipata. Huku nyuma ua ukajengwa, na wanawake wakawa wanashuka bonde hadi mtoni kwa maji, kwenda na kurudi ni nusu ya siku. Ile barabara ya ahadi haikuonekana. Kajuju alizeeka akishuka bonde hilo, na habari za kifo chake nilizipata nikiwa kazini. Wakati mwingine, mchana ofisini, usingizi mwepesi ukinichukua baada ya chai, nilisikia maji yakitoka chini ya mawe. Kisha namwona mtu amesimama katika ukungu, anangoja nimsomee. Nikishtuka, ni mashine ya taipu tu ya mwenzangu.

Nilirudi nyumbani kulima viazi. Mwaka jana, asubuhi moja kama ile, mlangoni pangu akasimama msichana mwenye macho ya Kajuju. Alikuwa Makena, mjukuu wake. Wanakijiji walikuwa wameandika ombi la kurudishiwa chemichemi, na watoto wa yule tajiri walijibu kwamba kijiji kilitoa ardhi ile kwa hiari, bila hata mmoja kupinga. Makena hakulia wala hakutukana. Aliandika barua kwa ofisi husika akidai kuona kumbukumbu za baraza lile, kwa kuwa katiba inampa haki ya kujua yaliyo mikononi mwa serikali. Wakamzungusha wiki kadhaa, kisha wakampa nakala.

"Mzee, hii mwandiko ni yako?" akaniuliza, akinyoosha karatasi.

Nilitambua ile herufi K yangu ya maringo. "Ni yangu."

"Cucu, nyanya yangu, alikuwa anasema alikataa. Alisema mpaka siku alikufa. Ni ukweli, ama alikuwa anaota?"

Fikiria, mwanangu. Mtu mzima amekufa huku hata damu yake mwenyewe haina hakika kama alisimama. Nikamwambia alisimama kweli, na kwamba nitakwenda kusema hivyo mbele ya watu.

Kikao cha kusikiliza malalamiko kilifanyika katika ukumbi wa kanisa. Niliogopa, sitaficha. Niliogopa watoto wa tajiri, niliogopa sheria, na zaidi ya yote niliogopa wenzangu wa kanisani wajue mimi ni nani. Nilipoitwa, nikavua kofia, nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba karatasi ile niliiandika mimi na karatasi ile ni ya uongo. Kwamba mtu mmoja alisimama, nikamwona, nikamfuta kwa kutomwandika. Wazee wawili waliokuwa barazani siku ile wakainua vichwa. Mmoja akasema, "Ni kweli. Mimi ni mmoja wa wale walicheka."

Mwenyekiti wa kikao, mama mmoja mpole wa miwani, akamwambia karani wake aandike. Hapo Makena akanyoosha mkono. "Madam, naomba asome hapo cucu amesimama."

Karani akasoma, sauti ya kawaida kabisa: "Kajuju, mkazi wa kijiji hiki, alisimama barazani akakataa." Mimi nililia bila kujificha, mzee mzima, na kofia mkononi.

Miezi ilipita kabla ya uamuzi. Kisha ua ukabomolewa, chemichemi ikarudi kuwa ya umma. Maji bado yanatoka chini ya mawe yale yale. Huenda hutasikia sauti yake kama ninavyoisikia mimi, lakini ni matamu.

Sasa nisikilize. Katiba hii nimeisoma, kwa miwani na kwa subira. Inaanza kwa kusema mamlaka yote ni ya wananchi. Chifu, gavana, mbunge, rais, wote wameazimwa tu, na mwenye kuazimwa huulizwa. Katiba ni kama mpaka wa shamba, unamfunga mwenye ekari hamsini sawa na mwenye robo. Ndiyo maana bunge halifanyi kazi ya mahakama, na mahakama inaweza kuiambia serikali hapana. Una haki ya kusema, ya kukusanyika kwa amani, ya kudai karatasi ukaisoma kwa macho yako. Lakini haki hizo hazitembei zenyewe. Zinahitaji mtu wa kusimama, na mtu wa kuandika kwamba amesimama. Ukiitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni usitie sahihi kwa sababu jirani ametia. Soma kwanza, na usipoelewa uliza, hata wakicheka. Ukishindwa kwa kura, kubali, kisha rudi kesho. Na siku utakapokuwa upande wa walio wengi, hapo ndipo ukumbuke zaidi haya. Wazee walisema wengi wape. Mimi naongeza, maana nimelipia kuongeza: wengi wape, lakini mmoja mwandike.

Nenda sasa, ukungu unaanza kupanda. Mungu aliyeyaweka maji chini ya mawe akupe mdomo usioogopa na mkono usiomfuta mtu. Shamba lako lizae, kisima chako kisikauke. Na popote utakaposimama kwa haki, hata ukiwa peke yako, asikose mtu wa kukuona.