Jioni Niliyofunga Malka

Wenzangu mliokulia Garissa enzi zetu, kabla mabomba hayajafika kila ploti, mnakumbuka maji yalivyokuwa kazi. Maji yalikuwa punda, mitungi minne, vumbi kutoka kisigino mpaka kisogoni, na Mto Tana wenye rangi ya chai ya maziwa. Baba yangu alikuwa mwalimu aliyehamishwa kutoka Kitui. Alipanga nyumba karibu na mashamba ya mtoni, akanung'unikia joto mpaka siku ya kustaafu, lakini sisi watoto tulizoea wiki ya kwanza tu. Tulicheza kati, mchezo wa kurushiana na kukwepa, kwa mpira wa soksi kuukuu. Tulikula anjera, chapati laini za Kisomali, na sukari kwa majirani, kisha tukirudi nyumbani tunaikunjia uso muthokoi ya mama, mahindi ya kukoboa ya Kikamba, naye anatuuliza kama sasa tumekuwa watoto wa Wasomali.

Jirani niliyempenda kuliko wote alikuwa Ayeyo Habiba, mjane aliyelima matikiti kando ya mto. Ayeyo ni bibi kwa Kisomali, na kwa desturi yao bibi humwita mjukuu kwa jina hilohilo. Kwa hiyo mimi msichana wa miaka kumi, mweusi tii wa kutoka Kitui, niliitwa "ayeyo" mbele za watu, na nilijiona mkubwa kweli.

Ubavuni mwa shamba lake ilipita malka. Wageni huenda hawajui: malka ni njia inayoachwa wazi katikati ya mashamba ili mifugo na wanyama wa porini waufikie mto. Hailimwi, haijengwi. Asubuhi ilikuwa yetu na punda wetu, mchana ya ng'ombe na ngamia. Baada ya swala ya Alasiri ilikuwa ya twiga. Ukichelewa, ulikaa pembeni kimya mpaka watanue miguu, wainame, wanywe na kuondoka zao. Hakuna aliyewafukuza. Watoto wa leo ukiwaambia wasubiri video ifunguke wanataka kupelekwa hospitali. Sisi tulisubiri twiga, na twiga hana haraka.

Siku moja mimi pia sikutaka kusubiri. Nilikuwa nimenogewa na kati mpaka Alasiri ikapita, na nilijua mama ananingoja na mwiko. Nilipofika malka niliwaona twiga kwa mbali, wanakuja kwa madaha yao. Pembeni kulikuwa na matawi ya mgunga yaliyokatwa kwa kuziba nyua. Nikayavuta moja moja, miiba ikinichana mikono, nikafunga njia yote. Nilijiambia ni kwa muda tu. Nikashuka nikachota maji yangu kwa raha. Nilipogeuka, twiga walikuwa wamesimama nyuma ya ile miiba, wananitazama. Nikaogopa kuifungua. Nikampitisha punda kando ya mto, nikaenda nyumbani, na mwiko haukunigusa.

Twiga wenye kiu hawakurudi porini. Walipitia ua wa Ayeyo, wakakanyaga matikiti ambayo yangevunwa wiki ileile, wakaangusha ua wa mashamba mawili zaidi. Watu walitoka na mapanga na mabati ya kugonga. Katika purukushani ile walichukua matawi yangu kuzibia matundu, na hapakubaki alama yoyote malka.

Kesho yake wenye mashamba walikutana hapohapo. Walitaka malka ifungwe kabisa. Ayeyo ndiye aliyekuwa amepata hasara kubwa, na ndiye peke yake aliyekataa.

"Hayawani akibewa njia yake haingii shamba ya mtu," alisema, maana ulimi wake uligeuza "p" kuwa "b". "Jana kuna kitu imefunga njia. Kama kuna mtu anajua, aseme."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba, mikono nimeificha kwenye sketi. Walahi nilitaka kusema. Mwanamume mmoja akamwambia Ayeyo kwamba twiga ni jamaa zake ndiyo maana anawatetea, na watu wakacheka. Nami nikacheka. Hapo ndipo ninapojionea aibu kuliko pengine pote, kwamba nilicheka. Malka ikafungwa, ikalimwa, na Ayeyo hakusimama tena kusema katika mkutano wowote. Nikawa namkwepa. Akiniita, najifanya sisikii.

Leo nina ekari mbili palepale, ua wangu ni wa seng'enge. Twiga wamehamia mitaani. Wanakunywa kwenye bomba lililopasuka kando ya barabara ya Modogashe, vijana wanajipiga nao picha, na juzijuzi lori liligonga mmoja. Mwezi uliopita chifu akaita baraza. Afisa wa wanyamapori, kijana mdogo tu, akaomba malka ifunguliwe. Mzee mmoja akamkatiza.

"Hiyo maneno ilikwisha zamani. Habiba alisema njia ikiwa wazi hawaingii. Ilikuwa wazi, na waliingia. Mama ile alidanganya watu."

Nilisimama. Mimi mama mzima mwenye wajukuu. Nikasema haikuwa wazi, niliifunga mimi. Nikaeleza yote, mpaka kicheko.

Kisha upande wa wanawake akasimama Khadija, binti wa Ayeyo.

"Mama alijua," alisema. "Alikuona kutoka kwa mkeka yake ya swala. Hakutaka mwalimu akuchabe mbele ya watu. Alituambia, msimuulize, atakuja mwenyewe. Kila siku mlango ikigongwa jioni, anauliza, ni mtoto ya mwalimu? Mbaka alibokufa."

Chifu alisema malka itafunguliwa, na kipande cha kwanza kitatoka kwenye ekari zangu. Nilikubali kabla hajamaliza. Watu wakanipongeza, jambo lililoniumiza zaidi.

Sisi wa rika hili tunapenda kusema watoto wa siku hizi hawana adabu. Mjukuu wangu akivunja kikombe, huja kuniambia vipande vikiwa bado vinaruka, tena ananieleza kwa nini kosa ni la kikombe. Huwa namgombeza kwamba ana mdomo. Enzi zetu tulikuwa na adabu sana, tulijua kunyamaza mbele ya wakubwa. Mtoto huyu angekimbia kwa Ayeyo jioni ileile, angelia kidogo, angesamehewa na kupewa anjera.

Na haikuwa mbali. Nyumba ya Ayeyo ilikuwa ya tatu kutoka kwetu.