Kaye ya Watu Wasiolala

Rafiki yangu alikuwa mwuguzi wa dispanseri kule Kabambare, nami nilikuwa mwalimu kwenye shule ya misioni huku Kasongo. Tulikuwa tumesoma pamoja. Wabeljiji walikuwa bado wanatawala, na sisi wawili tulikuwa na siri moja: tuliandika hadithi. Zangu zilikuwa za wanyama. Zake zilikuwa za mambo ambayo hayajatokea.

Siku moja dereva wa kamyo ya pamba aliniletea kaye yake, daftari aliloandikia hadithi, imefungwa kwa kipande cha bendeji. Ndani aliweka karatasi: "Soma. Haijaisha. Niambie ukweli."

Hadithi ilianzia mahali tulipopajua sote: watu wamepanga mstari, wanapapaswa shingo kutafutwa ugonjwa wa malale. Lakini daktari wa hadithi ana dawa mpya. Sindano moja tu, na mtu hapatwi tena na malale, kwa sababu hatalala tena maisha yake yote. Mwanzoni watu wanashangilia. Kisha kampuni ya dhahabu inapata habari. Wachimbaji wanachomwa sindano kijiji kwa kijiji, wanachimba bila kupumzika, macho yao makavu kama ya samaki wa kukaushwa. Mwishoni mmoja wao anarudi kwa daktari, anamwambia: nirudishie usingizi wangu. Hapo karatasi ilikuwa nyeupe.

Niliisoma mara mbili, nikaingiwa na hofu. Wakati ule mtu aliweza kuhamishwa mbali na kwao kwa maneno machache kuliko yale. Basi nikafanya kazi ya mwalimu mwoga. Nilichukua kalamu nyekundu, nikasahihisha herufi, nikaongeza nukta palipokosekana nukta. Chini nikaandika: "Lugha ni nzuri. Ondoa mgodi. Afadhali mambo haya yatokee mwezini." Nikairudisha kwa kamyo ileile.

Baada ya majuma mawili, Jumamosi mchana, alifika kwangu kwa baiskeli. Kwa barabara ile, kutoka Kabambare ni siku mbili za kupanda na kusukuma. Alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mke wangu alimpa maji, akayanywa akiwa amesimama, kisha akaitupa kaye mezani.

"Makosa yangu umeyaona yote," akasema. "Sasa niambie, hadithi iko namna gani?"

"Nimekuandikia."

"Uliandikia mutoto wa shule. Mimi nilikuomba ukweli. Ulichoka wapi? Ulicheka wapi? Eti mwezini! Kule mwezini iko nani wa kuchomwa sindano?"

Nikamwomba apunguze sauti, maana dirisha lilikuwa wazi, na njia ya misioni ilipita palepale. Hilo likamuudhi zaidi. Akachukua kofia yake.

"Ngoja," nikasema. "Niliogopa. Nilipofika pale wanapochimba bila kulala, niliifunga kaye, nikaenda kutazama kama mlango umefungwa."

Alikaa polepole. "Hilo ndilo ungeliandika."

Kwa kuwa nilishaanza, niliendelea. Nilimwambia daktari wake anahubiri sana, kama padri siku ya Pasaka. Nikamwambia yule mchimbaji simjui. Hana mama, hana shamba, hata kukohoa hakohoi. Rafiki yangu akakunja uso. Hadithi ni ya dawa, alisema, si ya ukoo wa mtu. Nami nikapandisha sauti, nikasahau dirisha.

Mke wangu alikuwa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo ya kupika. Akasema bila kuinua kichwa: "Shemeji, huyo mutu hana mke?"

"Anaye, lakini sikumwandika."

"Basi kosa iko pale. Mimi mume asiyelala ningemwogopa. Kila nikifumbua macho, ananiangalia tu. Mwisho ningehamia kwa mama yangu."

Rafiki yangu akachukua kalamu. Alivuta kaye, akaanza kuandika pembeni mwa karatasi. Alikuwa angali anaandika kivuli kilipoingia mlangoni. Ni padri mkuu wa shule, amekuja kuchukua funguo za darasa langu.

Aliona wino mwekundu. "Kazi ya mwanafunzi?"

Akaichukua, akafunua, akasoma amesimama. Pale kwenye mstari wa watu alitabasamu kidogo. Alipofika kwenye mgodi, tabasamu likaondoka. Mke wangu aliacha kuchambua majani.

"Nani ameandika hii?"

Rafiki yangu alifungua kinywa. Nikamtangulia. "Ni yangu, Padri."

"Mwandiko si wako."

"Mimi nilisema, yeye akaandika."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Hakuamini. "Na hapa chini, ondoa mgodi, ni nani?"

"Ni mimi."

"Ungejisikiliza," akasema. Akaitia kaye kwapani, akaenda zake. Funguo hakuziulizia tena.

Kwa majuma mengi nilishtuka kila niliposikia motokari. Kutoka ofisi ya serikali hakuja mtu. Lakini kabla ya mwaka mpya wa shule nilihamishiwa shule ya porini, nyuma ya Kabambare, darasa la udongo lisilo na milango. Sikuambiwa sababu. Mke wangu alililia shamba lake la karanga siku tatu, kisha akafunga vyombo.

Nilipokutana na rafiki yangu nilimwomba msamaha kwa kaye iliyopotea. Akanijibu kwamba ameshaanza nyingine, na kwamba sasa hadithi inaanza na mwanamke anayeamka, anamkuta mumewe anamtazama. Jumapili alikuja kutusomea. Mke wangu alimkatiza kila alipotaka, naye alikubali. Mimi nilipomwambia daktari bado anahubiri, alikataa katakata. Tulibishana juu ya daktari yule hadi msimu wa mvua. Rafiki yangu alipousoma ukurasa wa mwisho, mchimbaji aliomba arudishiwe usingizi, daktari akasema neno moja tu, "Sijui," na mke wangu akatoka nje akakaa peke yake kwa muda.