Dereva aliyeacha foleni kwa ajili ya Popi

Leo hapa mpakani Malaba dereva wa lori ameacha nafasi yake kwenye foleni kwa sababu ya mbwa.

Mbwa ni wangu, Popi. Tangu nifukuzwe kwetu, ndiye pekee anayenilalia mlangoni.

Alikuwa akitapika tangu asubuhi. Nikaleta maziwa, dawa yetu ya kila sumu.

"Mzee, usimnyweshe," dereva akasema, akashuka kutazama matapishi. Vipande vya gunzi la mahindi. Madereva hutupa magunzi hapa wakingoja kuvuka mpaka. "Si sumu, gunzi limemkwama tumboni."

Akaegesha lori kando, akambeba kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

"Boss, unarudi mkiani kwa ajili ya mbwa?" mwenzake akamcheka.

"Gunzi ni letu."

Daktari amempasua, amelitoa. Popi anapumua.

Dereva sasa ni wa mwisho kabisa. Nampelekea chai.

Wewe ungeshuka?